Ukuta wa Jiko la Marthe

Mubanga aliuza kabati Jumatatu, na Jumanne asubuhi akaanza kutoboa ukuta wa jiko.

Watu wa kijiji cha Kabuta walisikia nyundo mpaka kule mitumbwi inalala. Walisema ugonjwa umetoka kifuani, umepanda kichwani. Ilikuwa kabati nzuri, yenye vioo, na muke wake Marthe aliipangusa kila siku kuliko alivyompangusa bwana.

"Ba Mubanga," Marthe alimuambia, "hata pumzi ya kuzima kibatari hauna. Unavunja nyumba juu ya nini?"

"Sivunji. Ninakutengenezea etajere, rafu za vyombo. Ndani ya ukuta."

"Na kabati ilikukosea nini?"

Mubanga alikohoa kwanza. Yeye alikuwa fundi wa kujenga, Mubemba wa hapa hapa. Marthe alitoka Kilwa ile ya ng'ambo ya ziwa, inchi ingine, wakati wa vita, na upande huu hakuwa na ndugu hata wa kugombana naye. Mutoto hawakupata.

"Uliona kwa jirani Yolande?" Mubanga aliuliza.

Marthe aliona. Kila mutu aliona. Bwana wa Yolande alipokufa, ndugu za bwana walikuja na lori, wakabeba kitanda, viti, masufuria, mpaka kamba ya kuanikia nguo. Walimuachia nyumba tupu, kwa sababu nyumba tupu ya kando ya ziwa, nani anaitaka? Yolande angali analala humo, juu ya mukeka, na hakuna wa kumusumbua.

"Kuna sheria," Marthe alisema.

"Sheria inakaa ku boma, kwa serikali. Dada yangu Beauty anakaa Puta, na njia ya kuja hapa anaijua." Akapiga nyundo. "Kabati, watu wanaibeba. Ukuta, ulishaona nani anabeba ukuta?"

Marthe alifunga kitenge kiunoni, akaenda kukoroga simenti.

Ukuta ulikuwa munene, wa matofali mawili ya kuchoma. Mubanga alitoa tofali la ndani, akaacha la inje, akalaza bao gumu juu ya kila shimo ili nyumba isiwashukie. Pumzi ilipokatika, alikaa chini akaonyesha kwa kidole, na Marthe akapiga. Walifanya etajere za masufuria. Walifanya shimo la unga lenye kifuniko. Chini yake, Mubanga alijenga tanuru la mikate, maana Marthe alikuwa anaokea wavuvi mikate, na chakula chao tangu ugonjwa kilitoka mule.

"Wabebe sufuria, wabebe kitanda," alisema. "Hii itabaki inakulisha."

Pesa ya kabati yote iliingia ndani ya ule ukuta. Iliyobaki mwisho, walinunua vigae vya bluu, vya kung'aa sawa vya hoteli.

Beauty alikuja kuona mugonjwa. Alileta samaki wawili na ulimi wake wote.

"Eh, mulamu, wifi yangu! Nasikia munajengea panya nyumba ndani ya nyumba."

"Karibu, mulamu. Panya wetu wanapenda usafi."

Beauty alicheka mpaka akashika mulango. Halafu aliingia jikoni, na kicheko kikakatika. Alipitisha mukono juu ya vigae. Alifungua shimo la unga, akalifunga, akalifungua tena.

"Kwangu, sufuria zinalala chini na kuku," alisema polepole. Kisha akakumbuka kilichomuleta. "Na ile kabati iko wapi?"

"Tuliuza. Dawa, mulamu."

"Ah."

Kitandani, Mubanga alimukonyeza muke wake.

Alikufa mvua za kwanza zikianguka. Uso wake ulikuwa wa mutu aliyemuzunguka dada yake, na waliomuosha walisema hawajaona maiti yenye kujisifu vile.

Matanga yalipokwisha, lori ilikuja kweli. Beauty aliketi mbele na dereva, wanaume wa ukoo nyuma. Walibeba kitanda. Walibeba viti, radio, baiskeli, na masufuria yote kutoka ku etajere. Marthe aliketi chini jikoni, mugongo ku ukuta, na hakulia. Mwanaume mumoja alijaribu kubandua kigae kwa kisu. Kisu kikavunjika. Marthe aligeuza uso, asionekane anacheka.

Lori ilijaa, wakafunga kamba. Beauty aliingia mara ya mwisho, aone kama kuna kitu kimesahauliwa. Alisimama mbele ya etajere tupu. Alikuna shingo. Alitazama tanuru, akatazama Marthe, akatazama tanuru.

"Kaka yangu alijua kazi," alisema. "Hii haibebeki."

"Haibebeki, mulamu."

"Hata tukileta watu kumi."

"Hata mulete ishirini. Pole sana."

Beauty alitikisa kichwa, akarudi ku mulango, akapiga kelele:

"Shusheni! Shusheni kila kitu, murudishe ndani! Halafu lori iende Puta ilete vitu vyangu."

Kitanda kilirudi. Viti vilirudi, na radio, na masufuria, kila moja ku etajere yake. Mbele ya jua kuzama, ile nyumba ilikuwa imepungukiwa na kitu kimoja tu. Wanaume wawili walikishika huku na huku, polepole, sawa vile mutu anashika kitu cha kupasuka, wakakiweka inje ya uzio wa lupango, juu ya kifurushi cha nguo: Marthe.