Mjusi Aliyetoa Mkia Nje

Mnaniachisha kufua ili niwaeleze sabuni inavyojipanga majini. Haya, chembe zake ni kama mijusi wa bwawani, ambao vichwa vyao vilipenda maji na mikia yao iliyachukia. Walipokuwa wachache walielea, vichwa chini, mikia hewani. Walipozidi, nafasi ya juu ikaisha, wakazama na kujikusanya kama mpira, vichwa nje, mikia ndani, kambare, mla mikia, asipate pa kuuma.

Shaweji, mjusi mwenye mkia wa madoadoa, akanuna. "Huko ndani nani atauona?"

"Na huko nje nani wa kukutazama, baba, zaidi ya kambare?" shangazi yake akamuuliza.

Shaweji akageuka, akatoa mkia nje. Kambare akaja, akautazama sana, akaondoka nao mdomoni.