Mlio wa Buni

Salha wa nyumba ya pili anadai Bi Mwanasha husinzia mchana, ndiyo maana buni anazomkaangia Kombo zimeungua mara tatu. "Kazi mpe mwingine, Kombo. Bibi yako ule usingizi ni wa kulipwa."

Kombo, muuza kahawa, akaenda kujionea. Alimkuta bibi yuko macho, amempa mgongo, ameinamia mashine ndogo ya umeme ya kukaangia. Alipokaangia kwenye chungu, bibi alizoea kutazama rangi ya buni. Mashine hii ina kifuniko kisichoonyesha ndani, na buni zikianza kupasuka lazima izimwe.

Zikaanza, kwa kishindo cha mvua juu ya bati.

"Bibi, zima," Kombo alisema kutoka mlangoni. "Nakuomba, zima."

Kidole cha bibi kilikuwa juu ya swichi, kikingoja mlio.