Tangazo la Mbaruku

Kwa miaka kumi na moja Mbaruku alikuwa ametangaza mikutano na harusi za watu kwa spika za gari lake. Asubuhi hiyo alikuwa na tangazo lake mwenyewe.

“Ndugu zangu, mke wangu Zamzam ame...”

Amplifaya ikazima. Akaiwasha tena, akapaza sauti, ikazima palepale.

“Ame nini?” majirani wakauliza, wakizidi kukusanyika.

Angeweza kuwaambia kwa mdomo tu, lakini hakutaka.

Fundi Tunu akaja na bisibisi, akaufuata waya wa amplifaya mpaka ulipofungwa kwenye bodi ya gari. “Umeufunga juu ya rangi. Ukipaza sauti, umeme hautoshi.” Akakwangua rangi hadi bati likang’aa, akaukaza waya. “Haya sema, baba nanihii.”

Taa ya amplifaya ikawaka, ikatulia. Mbaruku akashika maikrofoni, akafungua mdomo. Spika zikatoa kwikwi, kisha kicheko cha mtu anayelia, mtaa mzima ukakisikia. Wanawake wakaanza vigelegele kabla hajasema neno, na Tunu, huku akicheka, akaongeza sauti.