Swali la Nne

Chuo chetu hakitungi tena maswali ya biolojia. Yanatoka kwenye vipimo vya damu vya familia ya kila mwanafunzi, eti ili somo liingie akilini. Na kwenye mazoezi huruhusiwi kuruka swali.

Mtihani wa katikati ya muhula ulikuwa keshokutwa. Baba alikuwa ananisomea maswali mezani kutoka kwenye kishikwambi cha chuo, kama afanyavyo tangu nikiwa darasa la pili, huku mama akichambua mchicha.

"Swali la nne," akasoma. "Baba wa Zuhaira ana damu ya kundi AB. Zuhaira ana kundi O. Eleza."

Mikono ya mama ikasimama. Zuhaira ni mimi, na jibu nililijua: mzazi wa AB hazai mtoto wa O. Nilitamani kukipasua kile kishikwambi. Nani alikiruhusu chuo kuingia chumbani kwa wazazi wangu?

"Andika haiwezekani, mwanangu, uchukue alama zako," baba akasema taratibu. "Mimi nililijua hilo kabla hujazaliwa. Mama yako hakunificha."

Nikaandika, machozi ya hasira yakinilengalenga. Kishikwambi kikanipongeza, kikafungua swali la tano. Lilimhusu mdogo wangu, Haitham.

Baba akavuta pumzi aanze kusoma.

"Hilo usilisome," mama akasema.