Ufunguo wa Bi Mashavu

Dakta Kyando, mshauri wa sera za mipakani, alimaliza kuwasomea wakazi ripoti yake: soko la mpakani, lililofungwa miaka kumi na miwili, lifunguliwe, nchi mbili zifanye biashara kwa amani. Watu wakapiga makofi. Bi Mashavu, aliyewahi kuuza maharage sokoni humo, akaja mbele na kijitabu kwenye mfuko wa nailoni.

"Nisomee na hiki, baba. Macho yangu hayaoni vizuri."

Dakta akasoma kwa sauti: soko lifungwe, kwa usalama wa nchi zote mbili. Hoja zilikuwa nzito, akajikuta anaitikia kwa kichwa. Akageuza jalada amjue mwandishi. Lilikuwa jina lake, na chini yake mwaka ule soko lilipofungwa.

Akaitazama ripoti hii, akaitazama ile. Zote mbili zilimwingia akilini.

"Sasa nikafungue kibanda changu cha sokoni, au nisifungue?"

"Mama, nadhani... ngoja kwanza."

Bi Mashavu akavua ufunguo uliokuwa ukining'inia shingoni mwake, akamkabidhi.

"Kaa nao wewe, mpaka utakapojua."

Akarudi kukaa. Dakta akabaki amesimama, ufunguo kiganjani, bado una joto la kifua cha mwenyewe.