Kadi ya Sudi

Mambo yaliharibika Jumamosi ya fainali ya vyuo, Sudi alipojitupa kichwakichwa kugombea mpira akamgonga Chande kisogoni. Chande akaanguka. Refa akatoa kadi nyekundu.

"Mwanangu hakukusudia," Mbaruku, baba yake Sudi, alinung'unika jukwaani.

"Mzee wangu, sheria haiulizi nia," jirani yake akamjibu. "Inauliza kichwa kimegonga wapi."

"Sheria za wakubwa hizo. Mama yake Sudi walimwacha afie kwenye foleni ya hospitali. Nani alipewa kadi?"

Uwanjani, Sudi alikuwa hajatoka. Amepiga magoti, anampepea Chande kwa jezi yake. Mbaruku akaisahau kadi. Kwenye mstari wa chokaa, mwanamke mmoja alikuwa akimuuliza kila anayempita:

"Mwanangu mbona haamki?"