Fomu Haikuuliza

"Wako alipona?" aliniuliza mama mgeni.

Nilikuwa nimeinua bomba la sindano usawa wa kidevu changu, maziwa yakishuka kwenye mpira hadi puani mwa mwanawe. Ukiinua zaidi, mtoto anapaliwa. Hilo nalijua kwa mikono, na ndiyo sababu nilikuwa pale: hospitali imeanzisha mpango wa sisi tuliouguza kuwapa moyo wanaouguza ugonjwa uleule.

Wakubwa wa hospitali waliupanga siku tatu ukumbini, nasi tukiwa tumeitwa. Sijasahau nani alikaa wapi. Fomu yao ilituuliza ugonjwa, wodi, hata saizi ya fulana. Kama mtoto alitoka hai, hawakuona haja ya kuuliza. Nami nikanyamaza, nisije nikaondolewa.

"Dada, niambie ukweli. Baba yake yuko getini na gari. Anasema kama ni wa kufa, akafie nyumbani."

"Daktari amesemaje?"

"Tusubiri. Kusubiri ni rahisi kwa mtu anayekwenda kulala kwake."

Alicheka peke yake, kisha akaanza kukunja shuka za mtoto. Maziwa yalikuwa yamebaki kimo cha kidole kimoja. Nikalishusha bomba kidogo, yasishuke haraka.

"Na mimi waliniambia nisubiri," nikasema. "Siku ya nne nikamtoa. Ya tano hakuiona."

Akaacha kukunja.

Simu yake ikaanza kuita juu ya kitanda; ni baba mtoto, kutoka getini. Hakuipokea, wala hakuikata.